Tiketi bandia: Aliyetapeliwa ana haki gani Kenya na Uganda?

Mara nyingi ulaghai hugundulika langoni: tiketi imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, au haimo kabisa katika mfumo wa waandaaji. Suala hili linazidi kuwa na uzito huku Kenya, Uganda na Tanzania zikiwa zimepewa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027, na mashabiki wengi wakitarajiwa kuvuka mipaka.

Katika Kenya na Uganda, mnunuzi ana njia mbili za kisheria: jinai na madai. Ya kwanza humwadhibu mlaghai. Ya pili hulenga kurejesha fedha. Wengi huishia kwenye ya kwanza.

Hatua za awali

Mnunuzi anapaswa kuhifadhi tiketi, ujumbe wa malipo, mazungumzo na nambari ya simu ya muuzaji. Aiarifu mara moja kampuni ya simu au benki iliyopitisha malipo, kwani fedha zikishatolewa ni vigumu kuzizuia.

Njia ya jinai

Nchini Kenya, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayejipatia mali kwa udanganyifu kwa kifungo cha hadi miaka mitatu. Uganda, adhabu ya kosa kama hilo hufikia miaka mitano.

Mlalamishi aandikishe taarifa katika kituo cha polisi na kuchukua nambari ya kumbukumbu. Taarifa hiyo ina faida nyingine: mara nyingi mnunuzi huwa na nambari ya simu tu, ilhali wapelelezi wanaweza kutafuta jina la aliyeisajili. Bila kumtambua mdaiwa, kesi ya madai haiwezi kusonga mbele.

Njia ya madai

Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili.

Nchini Uganda, utaratibu wa madai madogo unahusu kiasi kisichozidi shilingi milioni 10 za Uganda. Mdai hutangulia kumpelekea mdaiwa notisi ya maandishi, na asipolipwa hufungua shauri.

Muuzaji akidai hakujua

Baadhi ya wauzaji hujitetea kwamba nao walitapeliwa. Katika jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe nia ya kulaghai pasipo shaka yoyote ya msingi. Katika madai, mizani ni nyepesi zaidi: mnunuzi huonyesha kwamba alilipa na kwamba alichopewa hakikuwa tiketi halali. Hivyo muuzaji anaweza kuepuka kifungo na bado akaamriwa kurudisha fedha.

Waliotoka nchi jirani

Kwa kawaida shauri hufunguliwa mahali mauziano yalipofanyika au mdaiwa anapoishi, si nyumbani kwa mnunuzi. Kwa sababu hiyo, shabiki aliyesafiri anashauriwa kuandikisha taarifa polisi na kupata nakala yake kabla ya kuondoka nchini humo.