Ovadraivu Haikuwahi Kuwa Mali ya Matajiri

Vijana wanaoniletea amplifaya nizitengeneze huniuliza sana swali hili: pedali ya ovadraivu (kisanduku cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa) ya bei nafuu itafaa, au wadunduize hadi wapate ile ya gharama? Mimi huwajibu kwa historia.

Mwaka 1964 huko Uingereza, mpiga gitaa Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichana kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo aina ya Elpico. Mkwaruzo uliotoka humo ndio uliobeba wimbo "You Really Got Me". Wengine walifungulia amplifaya za valvu hadi mwisho. Valvu ikielemewa hukata vilele vya wimbi la umeme, na noti hunenepa ikadumu. Lakini kwa kelele ile, ungepigia wapi? Chumbani majirani wangekufukuza, na katika ukumbi mdogo ungemfunika mwimbaji.

Jibu lilitoka Japani. Mwaka 1977 BOSS, chapa ya kampuni ya Roland, ilitoa OD-1, kisanduku cha manjano chenye vitufe viwili vya kuzungusha na betri ya volti 9. Dayodi zake za kukata wimbi zilikuwa tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, ili wimbi likatwe bila kulingana. Mwaka 1979 ikaja Tube Screamer TS808 ya Ibanez, ya kijani, kazi ya fundi Susumu Tamura. Yeye aliweka dayodi mbili, moja kila upande, na mzunguko wake hupunguza besi kabla ya kukata wimbi. Ndiyo maana solo hupenya katikati ya ngoma na gitaa la besi bila kugombana navyo. Mpiga gitaa Stevie Ray Vaughan wa Texas aliipenda familia hiyo ya pedali, na sifa zikaenea. Mwaka 1981 BOSS wakaongeza kitufe cha toni kwenye muundo wa OD-1, ikawa SD-1. Hiyo inatengenezwa hadi leo, na bei yake bado ni ya chini.

Nikifungua pedali nyingi za bei nafuu mezani kwangu, nakuta mpangilio uleule wa Tamura: chipu moja ndogo, dayodi mbili, vipingamizi na kapasita chache. Vitu hivyo ni rahisi kila mahali. Unachoongezewa ukilipa zaidi mara nyingi ni kasha la chuma, swichi imara na tundu la jeki lisilolegea, na hapo ndipo pedali nyingi ninazoletewa zimeharibikia.

Kwa hiyo dukani kanyaga swichi mara nyingi, tikisa jeki, kisha sikiliza kwa amplifaya unayoimiliki, ikiwezekana bendi nzima ikipiga. Sauti ikipenya na isipokatika, nunua. Kifaa hiki kilibuniwa ili upate mkwaruzo wa valvu bila kufungulia amplifaya hadi mwisho, na kwa kazi hiyo cha bei nafuu kinatosha.