Zamu ya Dakika 20

Umeme ulikatika Kinshasa, shangazi yangu akadhani umekatika Bariadi.

Tulikuwa sebuleni kwake, Somanda, jioni moja ya mwezi wa sita. Nje malori ya pamba yalikuwa yanapita na vumbi linaingia mpaka kwenye mapazia. Nilikuwa nimeweka kompyuta juu ya stuli na kuichomekea spika ndogo. Watu kwenye kioo walikuwa katikati ya wimbo mkubwa, kwaya imefungua mdomo, mara giza. Muziki ukakatika, sauti za watu zikabaki zinaulizana.

"Haya, wameshakata," shangazi akasema, mkono tayari unatafuta tochi.

Nikamwonyesha taa ya sebuleni. Ilikuwa inawaka. Giza lilikuwa la wale wa kwenye filamu. Alicheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo akawa upande wao. Kabla ya hapo alikuwa ananivumilia tu.

Filamu yenyewe inaitwa Kinshasa Symphony. Ilitengenezwa na Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, ikatoka 2010. Inaonyesha okestra ya Kanisa la Kimbangu, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ikijiandaa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven hadharani, mjini Kinshasa. Fidla, tarumbeta, filimbi, ngoma kubwa, na kwaya inayoimba Kijerumani. Wapigaji na waimbaji ni kama 200. Mchana ni mafundi, wauza sokoni, mama wa nyumbani. Jioni wanakwenda mazoezini kwa miguu au kwa daladala za kwao. Umeme ukikatika, anayekwenda kutafuta hitilafu ni mmoja wa wapigaji.

"Na huyu mwenye kafimbo anapiga nini?" shangazi aliuliza.

"Hapigi kitu. Anawaongoza."

"Basi ni ningi."

Sikuwa na la kuongeza. Kwa Kisukuma ningi ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma, anayesimama mbele na kundi zima linamtazama yeye.

Ningi huyo anaitwa Armand Diangienda. Alikuwa rubani, akapoteza kazi. Hakusomea muziki chuoni. Baba yake, Joseph Diangienda, aliyeliongoza kanisa hilo kwa miaka mingi, alikuwa na ndoto ya kuwa na okestra. Alifariki 1992, na mwanawe akaianzisha 1994.

Hapo inabidi tusimame, maana mwaka wenyewe unashangaza. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire na Mobutu bado yuko madarakani, lakini serikali ilikuwa imebaki jina. Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa waliingia mitaani Kinshasa wakapora maduka, na raia wakafuata. Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, wafanyabiashara wakazikataa, uporaji ukaanza upya na watu wengi wakafa. Katika mji huo, mwaka mmoja baadaye, mtu anaita watu waje kujifunza fidla.

Na mabaya zaidi yalikuwa mbele. Vita ilianza mashariki 1996. Sisi Watanzania tuliijua kwa wakimbizi waliovuka Ziwa Tanganyika. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo. Mei 1997 Laurent Kabila aliingia Kinshasa. Agosti 1998 waasi wapya waliliteka bwawa la Inga na mji mkuu ukakaa gizani kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ile baa chache za giza zilizomchekesha shangazi zina historia ndefu nyuma yake.

Mwanzoni fidla zilikuwa chache kuliko watu. Walipeana zamu: unafanya mazoezi dakika 20, unamkabidhi mwenzio. Uzi ukikatika, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Nilipomwambia shangazi hayo, alirudia mara mbili, "Dakika 20," akiwa anatazama vidole vyake.

Nimekuwa nikisoma kuhusu matamasha ya namna hii, yanayofanyika mahali ambapo watu wangetegemea kusikia bunduki. Mengi yanasifiwa kwa maneno yaleyale: muziki umeshinda, muziki umeunganisha. Nina wasiwasi na sifa hizo. Chukua Palmyra, Syria. Mei 5, 2016, okestra ya Mariinsky kutoka Urusi, chini ya Valery Gergiev, ilipiga katika uwanja wa kale wa maonyesho ambapo mwaka mmoja kabla kundi la Dola la Kiislamu lilikuwa limeua watu hadharani. Rais Putin alihutubia kwa njia ya video. Wageni wakafunga masanduku wakaondoka. Desemba mwaka huohuo wapiganaji walirudi wakauteka mji, na Januari 2017 wakabomoa sehemu ya uwanja uleule. Wapigaji wale ni hodari kweli, lakini tamasha lilikuwa la waliolileta, na lilikwenda nao.

Ramallah ilikuwa tofauti kidogo. Agosti 21, 2005, Daniel Barenboim alipeleka okestra ya West-Eastern Divan, aliyoianzisha 1999 pamoja na Edward Said, yenye vijana wa Kiisraeli na wa nchi za Kiarabu. Hispania iliwapa wapigaji pasipoti za kidiplomasia ili waweze kufika. Walipiga Simfonia ya Tano ya Beethoven. Barenboim mwenyewe amesema zaidi ya mara moja kwamba okestra hiyo haiwezi kuleta amani. Ninamheshimu kwa hilo. Lakini hata wao walikuja usiku mmoja.

Wale wa Kinshasa hawakuja. Walikuwepo. Huo ndio uzito ninaouona, na hautokani na Beethoven. Unatokana na jioni zote ambazo mtu alikaa kwenye benchi akisubiri fidla impitie, mji ukiwa vile ulivyokuwa.

Shangazi aliuliza, "Hawa ni watu wa kanisa?"

Nikamweleza habari za Simon Kimbangu, babu yake Armand. Aprili 1921, kijijini Nkamba, alianza kuhubiri na kuponya, watu wakaacha kazi kumfuata. Wabelgiji waliogopa. Septemba wakamkamata, Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, kisha mfalme Albert akaibadilisha kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Élisabethville, leo Lubumbashi, akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipofia humo Oktoba 1951. Maelfu ya wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu makwao. Waliendelea kukutana kwa siri na kuimba. Kanisa lilitambuliwa rasmi Desemba 1959, miezi sita tu kabla ya uhuru.

Alikaa kimya. Kisha akasema, taratibu, "Kwa hiyo wao kanisa liliwapa ngoma. Letu lilitunyang'anya."

Babu yangu alikuwa mpiga ngoma. Hilo nililijua, kama unavyojua jambo la ukoo bila kulichunguza. Nisichojua ni kwamba siku aliyobatizwa alitakiwa aiache, akaiacha. Haikuchomwa. Ngozi ilichanwa, mzinga ukawekwa uani, kuku wakautagia. Shangazi alikuwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kuokota mayai mle ndani.

Kwa asiyejua Usukumani, ngoma si kitu cha kuburudisha wageni. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wanakutana uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, nyimbo zake na dawa zake. Masimulizi yanasema vyama hivyo vilitokana na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali, wakaamua kumaliza ubishi kwa kucheza. Wanapiga kwa wakati mmoja. Umati unakimbilia huku, unasikia kelele kule, unakimbilia kule. Mwishoni, upande wenye watu wengi umeshinda. Wengine wanarusha majembe juu na kuyadaka, bugobogobo. Wengine, bayeye, wanacheza na chatu. Sisemi hapakuwa na ugomvi wala kurogana. Ulikuwepo. Ila watu wa pande mbili walijua siku na mahali pa kukutana.

Na babu alipiga ngoma katika miaka ambayo huku nako hakukuwa shwari. Kuanzia 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliinyima TANU ruhusa ya kuwa na matawi Usukumani, huku wakulima wa pamba wakiwa wamejipanga kwenye vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la mseto walilowekewa na wakoloni, wakaandamana mpaka Mwanza. Bariadi wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa. Mkoa wa Simiyu ulikuja 2012. Mimi nilichokishuhudia ni miaka ya vyama vingi, pale John Cheyo, Bwana Mapesa, na UDP yake walipoitikisa Bariadi. Mtaani kwetu kuna nyumba zilizoacha kusalimiana kwa ajili ya rangi ya bendera. Hakukuwa na uwanja wa kumalizia ubishi huo, wala siku yake.

Ilibidi nimwambie shangazi ukweli wote: Wakimbangu nao hawaruhusiwi kucheza dansi. Kanisa lao linakataza, pamoja na pombe na sigara. Wale wapigaji wanakaa kwenye viti, viungo vimetulia, Beethoven anapita juu yao. Kila mtu alikatazwa kitu, tofauti ni kilichobaki mkononi.

"Afadhali hao," alisema. "Wamekatazwa miguu, wakaachiwa mikono."

Tukaendelea kutazama. Usiku wa tamasha watu wamejaa, watoto wamekaa chini mbele, wengine wanazungumza tu. Kwaya ikasimama. Shangazi hajui Kijerumani na mimi sijui. Nilimwona anapiga ukingo wa kochi kwa vidole viwili, si mapigo ya Beethoven, ila yake, yanayoingia katikati ya yale mengine. Nilitaka kumwuliza amejifunza wapi. Nikanyamaza.

Filamu ilipoisha nikauliza swali lililokuwa linanisumbua. Babu alikuwa Mgika au Mgalu?

"Sijui," alisema. "Nilimwuliza nikiwa mkubwa. Akaniambia hayo yameisha. Hakusema mpaka tunamzika."

Kuna mzee mmoja upande wa Itilima ambaye inasemekana walikuwa wanapiga pamoja. Masikio hayasikii vizuri na hatoki tena nyumbani. Pamba ya mwaka huu ikishauzwa, tutapanda pikipiki mbili, shangazi na mimi, tukamwulize. Kompyuta amesema nisiibebe.