Maji ya Ziwa na Barua za Cairo

Tarehe 7 Mei 1929, mjini Cairo, Mohamed Mahmoud Pasha, waziri mkuu wa Misri, na Lord Lloyd, mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini humo, walibadilishana barua. Walichokubaliana ni kwamba bila ridhaa ya Misri hakitajengwa chochote cha umwagiliaji wala cha umeme kwenye Mto Nile, kwenye matawi yake, au kwenye maziwa unakotoka, iwapo kitapunguza maji yanayofika Misri, kitabadili majira ya kufika kwake au kushusha kina chake. Sharti hilo liliigusa Sudan na nchi zote zilizokuwa chini ya Waingereza. Tanganyika ilikuwemo, ijapokuwa kisheria haikuwa koloni bali nchi ya udhamini, waliyokabidhiwa na Shirikisho la Mataifa baada ya Wajerumani kushindwa vita.

Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, haikuulizwa. Reli kutoka Tabora ilikuwa imefika mjini mwaka uliotangulia, na hesabu za pale bandarini zilikuwa za pamba. Hakuna chifu wa Usukuma aliyeketi kwenye meza ya Cairo, wala wa Buhaya, wala wa Ukerewe. Ila maji waliyokuwa wakioga, wakivua na kunyweshea ng'ombe yalishawekewa sharti.

Kwa nini Uingereza ikatoa ahadi kubwa namna hiyo kwa mali ya watu wengine? Lazima turudi nyuma miaka mitano. Mwaka 1924 Sir Lee Stack, gavana mkuu wa Sudan, aliuawa kwa risasi mjini Cairo. Waingereza wakajibu kwa kutishia kupanua bila kikomo mashamba ya pamba ya Gezira nchini Sudan, mashamba yanayonyweshwa na Nile. Misri ikatetemeka. Nchi ile huishi kwa mto mmoja, na kumbe aliyeshika mto kwa juu angeweza kuubana wakati wowote akikasirika. Barua za 1929 zilikuja kuituliza hofu hiyo. Misri ikahakikishiwa mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka na Sudan bilioni 4. Uingereza nayo ilikuwa na Mfereji wa Suez wa kulinda na viwanda vya nguo vilivyotaka pamba ya Misri. Naielewa hofu ya Misri, na nadhani yeyote aliyewahi kuona kisima kikikauka anaielewa. Nisichoweza kukubali ni dawa yake: kwamba usalama wa mkulima wa kule ulipwe na mkulima wa huku, bila huyu wa huku kuambiwa.

Wazo la kuyatoa maji ziwani halikuwa geni. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa na mpango wa kuyapeleka kwa mfereji hadi mbuga za Wembere, kusini mashariki, ili walime pamba. Vita vikaukatiza, na baada ya 1929 Waingereza hawakuwa na sababu ya kuufufua bila kugombana na Misri. Hata Uganda ilipotaka umeme wa Owen Falls, pale Jinja, ilibidi barua nyingine zipite kati ya London na Cairo. Bwawa lilizinduliwa mwaka 1954, na mhandisi wa Misri akawekwa hapohapo kuangalia ni kiasi gani cha maji kinaachiwa. Miaka mitano baadaye, Novemba 1959, Misri na Sudan zilikaa peke yao na kugawana upya mto mzima: bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Nchi za juu hazikuachiwa hata ndoo.

Kisha ikaja Tanganyika huru. Siku chache kabla ya uhuru wa Desemba 9, 1961, Julius Nyerere aliliambia Bunge jinsi nchi mpya itakavyoishughulikia mikataba iliyosainiwa na mkoloni kwa niaba yake. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kuheshimiwa kwa miaka miwili. Katika muda huo kila mmoja ungepitiwa, na ule ambao haukukubaliwa upya ungekufa. Wanasheria wa dunia waliuita msimamo huo kwa jina la Nyerere, na Uganda na Kenya zilipopata uhuru zilifuata njia hiyohiyo.

Kuhusu Nile, serikali haikungoja miaka miwili iishe. Tarehe 4 Julai 1962 barua ilitumwa kwa Uingereza, Misri na Sudan, ikisema kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Barua hiyo haikuwa ya ukali. Ilitambua uzito wa mto kwa nchi zote unakopita, ikasema Tanganyika iko tayari kwa mazungumzo. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba wakati huo Nyerere hakuwa serikalini. Alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 akaenda kukijenga chama, na aliyeongoza serikali iliyotuma barua ile alikuwa Rashidi Kawawa. Sifa yake katika jambo hili imemezwa na jina kubwa zaidi, na anastahili kurudishiwa.

Misri ilijibu: makubaliano ya 1929 ni halali hadi yatakapojadiliwa upya. Hapo mambo yakakwama, yakakaa hivyo kwa miongo minne. Mwaka 1967, baada ya mvua za mwanzoni mwa muongo huo kulipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili, Misri ilijiunga na nchi zetu katika mradi wa kupima mvua na maji ya maziwa makuu. Wataalamu walipima. Wanasiasa walinyamaza. Tanzania ilikuwa imeikana hati ya Cairo, lakini haikuchota kitu, kwa maana kuchota kunataka mabomba, pampu na fedha, na wafadhili wengi hawakutaka kutia mkono kwenye mradi ambao Misri ingeupinga.

Wakati huo huko Shinyanga watu walikuwa na kiu. Kutoka Mwanza hadi Shinyanga mjini ni kilomita 160 hivi kwa barabara, lakini ukishaliacha ziwa nchi inabadilika upesi: mbuga nyeusi, mibuyu, mito ya msimu ambayo Agosti ni mchanga mtupu. Mji ulitegemea bwawa la Ning'hwa, na vijiji vilitegemea malambo ambayo ng'ombe na watu walishirikiana. Kiangazi kikikolea, mwanamke alishuka mtoni, akafukua mchanga kwa mikono mpaka unyevu uonekane, akangoja maji yajikusanye, ndipo akachota kwa kata, kidogo kidogo, hadi dumu lijae. Aliyefuata alianza kungoja upya. Ziwa la pili duniani kwa ukubwa kati ya yale ya maji baridi lilikuwa mwendo wa saa chache kwa basi.

Februari 1999, mjini Dar es Salaam, mawaziri wa maji wa nchi za bonde la Nile walizindua chombo cha ushirikiano ambacho makao yake yaliwekwa Entebbe. Mazungumzo yakawa rasmi. Lakini Tanzania haikukaa kuyangoja. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri wa Maji, aliusukuma mradi wa kuyatoa maji ya Ziwa Victoria hadi Shinyanga na Kahama, na mwaka 2004 kazi ilianza mikononi mwa mkandarasi kutoka China. Fedha zilikuwa za serikali yenyewe, na hilo ndilo lililofanya mradi uwezekane: hakukuwa na mkopeshaji wa kuibishia hodi Cairo kuomba ruhusa. Misri ilibaki na neno lake lilelile. Mitaro ikachimbwa.

Maji huchukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi. Pampu huyavuta kutoka ziwani, mtambo huyasafisha, kisha husukumwa hadi kwenye tenki la mlima Mabale, na kutoka pale huteremka kwa mserereko kwenda bara. Rais Jakaya Kikwete aliuzindua mradi mwaka 2009. Kwenye kioski, dumu la lita 20 hujaa kabla wenye foleni hawajamaliza kusalimiana, na salamu za Kisukuma si fupi.

Mtambo ulijengwa uweze kutoa lita milioni 80 kwa siku. Tufanye hesabu, kwa kuwa ugomvi wote ulihusu kiasi. Kwa mwaka mzima hizo ni mita za ujazo milioni 29 na kidogo. Zikilinganishwa na bilioni 55.5 za Misri, hazifiki hata sehemu moja ya elfu. Ungezipunguza zote kwa siku moja kutoka kwenye ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, kina kisingeshuka hata nusu milimita. Jua peke yake hunyanyua kiasi kikubwa kuliko hicho siku yoyote ya kawaida. Tena sehemu kubwa ya maji ya Nile yanayofika Misri, yapata asilimia 85, hutoka Ethiopia. Kwa hiyo Misri haikuwa ikiogopa bomba la Ihelele. Iliogopa kwamba mmoja akichota bila kuomba, wengine wangeona inawezekana, na miongoni mwao alikuwemo Ethiopia.

Na waliona. Tarehe 14 Mei 2010 mjini Entebbe, Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilisaini mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile. Kenya ikafuata siku tano baadaye, Burundi mwaka 2011. Tanzania iliuridhia mwaka 2015. Bomba nalo likaendelea kusogea. Kwa mkopo wa dola milioni 268.35 kutoka India, maji yalivuka hadi Nzega, Igunga na Tabora, mji ambao kwa muda mrefu uliishi kwa mabwawa ya Igombe na Kazima.

Cairo haikuvunja uhusiano. Desemba 2018 kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, zilitia saini kujenga bwawa la umeme la megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji, bwawa lililopewa jina la Julius Nyerere. Rufiji humwaga maji yake Bahari ya Hindi, wala tone lake haliingii Nile, na naamini hilo lilirahisisha mambo.

Mwaka 2024 Sudan Kusini iliuridhia mkataba wa Entebbe, idadi ya nchi sita ikatimia, na tarehe 13 Oktoba ukaanza kufanya kazi. Misri na Sudan hazimo. Ubishi umebaki kwenye kifungu cha 14(b). Nchi za juu zinataka kiseme kwamba hakuna nchi itakayoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine ya bonde. Misri inataka kitaje pia matumizi na haki zilizopo sasa, yaani zile zilizojengwa juu ya hati za 1929 na 1959. Kifungu hicho kimewekwa kwenye kiambatisho cha mkataba, kikisubiri tume ya bonde itakayoundwa ikipatie jibu ndani ya miezi sita.