Huduma kwa wateja: Kazi ya kuomba radhi kwa kosa ambalo si lako

Ukipiga namba 100 ukiwa Tanzania, utabonyeza moja, utabonyeza mbili, utasikiliza muziki kidogo, kisha sauti itakukaribisha na kukutajia jina lake. Mara nyingi mwenye sauti hiyo ni kijana aliyemaliza chuo juzi tu. Amekaa kwenye meza yenye vizuizi pande mbili, hedifoni kichwani, na kabla hujamaliza kusema "haloo" saa iliyo kwenye kompyuta yake imeshaanza kuhesabu.

Mtaani wanasema "yuko kol senta". Kwa wahitimu wengi ni ajira ya kwanza, kwa sababu haiulizi sana ulisomea nini. Inataka Kiswahili kinachoeleweka, Kiingereza cha kutosha, vidole vyepesi kwenye kibodi na moyo. Hasa moyo.

Saa ndiyo bosi

Mhudumu hachagui simu ya kupokea. Kuna mtambo unaopanga foleni na kumrushia mteja mhudumu yeyote aliye huru. Teknolojia hiyo si ya jana: shirika la ndege la Continental la Marekani lilifungiwa mtambo wa aina hiyo mwaka 1973, ili simu za abiria zisikwame kwa mtu mmoja wakati wengine wamekaa tu.

Mtambo huohuo ndio unaompima mhudumu. Lengo linalotajwa sana kwenye kazi hii duniani ni asilimia 80 ya simu zipokelewe ndani ya sekunde 20. Wahudumu wakiwa wachache na simu nyingi, namna rahisi ya kulifikia ni kufupisha mazungumzo. Kwa hiyo kinahesabiwa kila kitu: umeongea dakika ngapi, umemweka mteja kwenye holdi mara ngapi, umetumia sekunde ngapi kuandika maelezo baada ya kukata. Ukitaka kwenda chooni unabonyeza sehemu ya mapumziko, nayo inaingia kwenye hesabu.

Sasa weka hapo salamu za Kiswahili. Mzee anapiga kutoka kijijini. Anataka kwanza kuamkiwa, kisha aulize habari za hapo ofisini, aulize na jina la ukoo, maana huenda anamfahamu baba yako. Ndipo ataje shida. Maelekezo ya kazi yanasema "karibu, nikusaidie nini?", lakini mhudumu aliyelelewa vizuri hawezi kumrukia mtu mzima na swali bila shikamoo. Anaamkia, anajibu mbili tatu, sekunde zinakwenda. Waliozoea hujifunza kufungua taarifa za mteja huku salamu zikiendelea, ili salamu zikiisha nao wawe wameshafika.

Pesa iliyokwenda kwingine

Simu za bando kuisha haraka ni nyingi kuliko zote zinavyochosha, lakini hazivunji mtu. Inayovunja ni ya pesa iliyotumwa kimakosa.

Mteja amekosea tarakimu moja. Jina lilitokea kabla hajaweka namba ya siri, hakulisoma, akabonyeza. Laki mbili za ada ya mtoto zimekwenda kwa mtu asiyemjua. Anapiga anahema.

Mhudumu anamhakiki kwanza: jina kamili, namba ya kitambulisho cha NIDA, miamala ya karibuni. Mteja anaona huku ni kupoteza muda na anaanza kupandisha sauti. Kumbe bila hatua hiyo mtu yeyote angeweza kupiga na kudai arudishiwe pesa ambayo si yake.

Kisha mhudumu anauona muamala. Kama pesa bado ipo kwenye akaunti ya aliyepokea, kwa kawaida anaweza kuomba izuiwe wakati suala linafuatiliwa. Kama mpokeaji ameshaitoa kwa wakala, mhudumu anaiona ilivyoondoka, saa na dakika, na hana la kufanya zaidi ya kuandika malalamiko na kuyapeleka ngazi ya juu. Haruhusiwi hata kumtajia mteja taarifa za yule aliyepokea, ziko mbele yake kwenye kioo.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Mteja anaamini anaongea na kampuni. Ukweli ni kwamba anaongea na mtu mwenye ruhusa ya kuona mengi na kugusa machache. Mwenye uwezo wa kurudisha pesa yuko idara nyingine, hapokei simu za wateja, na hajawahi kutukanwa. Anayetukanwa ni huyu wa hedifoni, naye maelekezo yanamtaka ajibu: "Pole sana mteja wetu, tunaomba radhi kwa usumbufu."

Ndivyo inavyokuwa hata maamuzi yakitoka nje kabisa ya kampuni. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza kukatwa Julai 15, 2021, kati ya Sh10 na Sh10,000 kutegemea kiasi, ilikuwa imepitishwa na Bunge. Lakini mwananchi aliyekatwa hana namba ya simu ya Bunge. Ana namba ya huduma kwa wateja.

Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliipa jina kazi ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege na wakusanya madeni. Kwa Kiswahili rahisi ni kazi ya hisia: unalipwa ili uonyeshe hisia ambazo pengine huna, na uzifiche zile ulizonazo. Kwenye kol senta hata uso hausaidii. Kila kitu kipo kwenye sauti, na sauti inarekodiwa.

"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Matapeli nao wameongeza mzigo. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa maarufu hadi watu wanautania, lakini wapo wanaoendelea kuliwa, na wengine hupigiwa na mtu anayejifanya huduma kwa wateja. Ndiyo maana TCRA imekuwa ikisisitiza kwamba mtoa huduma wa simu hukupigia kwa namba 100 tu, na kwamba namba za matapeli ziripotiwe kwenda 15040.

Kwa mhudumu hilo lina pande mbili. Akimpigia mteja kumpa majibu ya malalamiko yake, anaweza kukatiwa simu kwa kudhaniwa mwizi. Na ndani ya ofisi yeye mwenyewe anachungwa: sehemu nyingi simu yake ya mkononi inabaki kwenye kabati, hakuna karatasi wala kalamu mezani. Taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mhudumu mmoja kwa siku anafungua taarifa za watu wengi kuliko anaowajua maishani mwake.

Baada ya simu huja ujumbe: mpe mhudumu alama. Mteja ambaye laki mbili zake hazijarudi atatoa alama ya chini kabisa, na ni haki yake kukasirika. Ila alama inakwenda kwenye jina la aliyepokea simu, si la idara iliyoshindwa, na katika ofisi nyingi alama hizo ndizo zinazoangaliwa wakati wa kugawa bonasi. Kama unataka hasira yako ifike mahali pake, omba namba ya malalamiko, iandike. Kampuni isipokusaidia, ndiyo utakayokwenda nayo TCRA.

Kabla hujasaini

Anayefikiria kuomba kazi hii asome kwanza jina la mwajiri kwenye mkataba. Kampuni nyingi kubwa hukodi kampuni nyingine ziwaajiri wahudumu, kwa hiyo unaweza kutaja jina moja kwenye simu kutwa nzima na mshahara ukatoka kwa jina jingine. Mikataba mingi ni ya muda mfupi.

Huduma ni saa 24, na usiku lazima uwaguse wote kwa zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukizidisha, kila saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. Na aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya kupumzika dakika 60, ingawa mwajiri halazimiki kuzilipia.

Kwenye usaili watu huuliza mshahara tu. Waulize pia kama kuna gari la kuwarudisha wanaotoka saa 6 usiku, kwa sababu saa hizo daladala za Gongo la Mboto na Mbagala ni za kubahatisha, na bodaboda ya kila usiku inaweza kula ile asilimia 5 yote na kuomba nyingine.