Si Kitanzi cha Ardhi, ni Ethi Pacha

Orodha mpya ya istilahi za umeme na sauti imeanza kupita mikononi mwa walimu wa ufundi. Humo, ule muungurumo wa sabufa unaosikika hata muziki ukiwa umezimwa umepewa chanzo kiitwacho "kitanzi cha ardhi". Walioipitisha ni watu wa vyeo na elimu, na sibishani na vyeo vyao. Nabishana na istilahi hii kwa sababu ni mbaya, na ubaya wake unaweza kuua.

Nianze na "ardhi". Tulilipokea kutoka Kiarabu, likakaa kwetu kwa maana ya udongo, nchi kavu na kiwanja: ardhi hupimwa, hulimwa, hugombewa mahakamani. Waarabu wenyewe walipohitaji kulitaja jambo la umeme hawakuliacha jina hilo lilivyo; walilinyumbua wakapata taaridh. Sisi tumelibandika likiwa bichi. Na hapakuwa na haja, maana mafundi wa Kariakoo na Mwembe Tayari wana neno lao la siku nyingi: ethi. Waya wa ethi ni ule wa kijani na njano, na jino refu la plagi ni la ethi. Asili yake ni Kiingereza, sikatai, lakini sauti ya "th" tumeizoea katika thamani na thelathini, na irabu ya mwisho imekwisha kuliswahilisha. Tena ethi si udongo. Gari linakaa juu ya mpira, halijagusa ardhi hata kidogo, na redio yake hupatwa na ugonjwa uleule.

Nimemwona fundi aliyeambiwa kwamba spika za ukumbi zinaunguruma kwa tatizo la ardhi. Alitoka nje, akapigilia fimbo ya pili ya shaba udongoni kando ya ukuta, akaunga amplifaya kwenye fimbo hiyo peke yake. Muungurumo ukazidi. Neno lilimpeleka kwenye udongo ilhali kosa lilikuwa kwenye nyaya.

"Kitanzi" ni baya zaidi. Ni tanzi dogo, la kunasia ndege. Kliniki za uzazi wa mpango zinalo, na waandishi wa programu za kompyuta nao wamelichukua. Lakini msongamano huo ningeuvumilia. Nisichovumilia ni kwamba kitanzi, katika fikra ya kila msemaji wa Kiswahili, ni kitu cha kukatwa. Mwambie kijana kwamba sabufa yake imenaswa na kitanzi cha ardhi, atatafuta pa kukata, na pa karibu kabisa ni jino la ethi la plagi. Akilikata, muungurumo unaweza kweli kunyamaza. Siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ya amplifaya, volti 230 zitakuwa zinamsubiri atakayeishika. Kamati inayotunga istilahi za umeme ilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kufikiria mlingano wa majedwali yake.

Istilahi yangu ni ethi pacha. Kompyuta mpakato inachajiwa kwenye soketi ya chumbani, amplifaya iko kwenye soketi ya sebuleni, na kila moja ina njia yake ya ethi. Kisha waya wa sauti unaziunganisha, na hapo ethi mbili zimekuwa pacha. Kwa kuwa hazilingani, mkondo hupita katika wavu wa nje wa waya wa sauti na kuleta mvumo wa hezi 50 na wa 100. Sauti yenyewe kwenye waya huo ni kama volti 0.3 tu, ndiyo maana milivolti chache za uchafu zinatosha kusikika.

Nilipoipeleka kwa kamati hiyo kwa maandishi nilijibiwa kwamba "pacha" ni neno la kienyeji mno kwa taaluma, na kwamba mapacha hufanana ilhali ethi hizi hazilingani. Jibu la kwanza sitalisahau. Neno pacha ni la Kibantu halisi: Wachewa husema mapasa, Washona husema mapatya. Kama uenyeji ni dosari, basi tufunge kazi ya istilahi kabisa. La pili linaonyesha kwamba aliyeandika hakuitazama ndizi pacha: mara nyingi moja ni kubwa na nyingine ndogo, ila zimeshikana katika ganda moja. Kushikana huko ndiko kunakotajwa. Na pacha hawakatwi. Hurudishwa kwenye shina moja, na hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Kwa matumizi basi: chomoa nyaya za sauti moja moja mpaka mvumo unyamaze, bila kusahau waya wa dishi unaoingia kwenye king'amuzi, tumia kompyuta kwa betri uone kama chaja ndiyo mkosaji, kisha chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi nzima. Ukumbi ukiwa mkubwa na mikisa iko mbali na amplifaya, weka transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Jino la plagi liachwe lilivyo.

Orodha hiyo bado haijachapwa kitabu. Naomba ukurasa huo ufunguliwe upya, na safari hii mafundi waitwe mezani.