Antiokia, mji uliowapa Wakristo jina

Seleuko wa Kwanza, mmoja wa majemadari waliorithi milki ya Aleksanda Mkuu, alipenda kuipa miji majina ya ukoo wake. Mnamo mwaka 300 KK alijenga mji kando ya mto Orontes, chini ya mlima Silpius, akauita Antiokia kwa heshima ya baba yake, Antioko. Antiokia zilikuwa nyingi katika milki ile, ndiyo maana msomaji wa Matendo ya Mitume hukutana na mbili, hii ya Syria na ile ya Pisidia, na si ajabu akazichanganya.

Hii ya Syria ndiyo iliyostawi. Warumi waliitwaa mwaka 64 KK wakaifanya makao makuu ya jimbo, na katika karne ya kwanza Roma na Aleksandria ndizo zilizoizidi ukubwa. Mfalme Herode, yule yule wa Uyahudi, aliisakafia barabara yake kuu marumaru na kuipangia nguzo zenye paa, ili watu watembee bila kuchomwa na jua wala kulowa mvua. Humo walipishana Wayunani, Wasyria, Warumi na Wayahudi wengi.

Stefano alipouawa Yerusalemu, wafuasi wa Yesu walitawanyika. Baadhi yao, watu wa Kipro na wa Kirene, ambayo leo iko Libya, walifika Antiokia wakafanya jambo ambalo wenzao hawakuthubutu: waliwahubiria Wayunani. Kanisa la Yerusalemu likamtuma Barnaba akaangalie kuna nini. Alipoona kazi ni kubwa, alikwenda Tarso kumtafuta Sauli, ndiye Paulo, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Hapo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Wao wenyewe walikuwa wakiitana ndugu, au wanafunzi. Jina hili linaelekea lilitoka kwa watu wa nje, kwa kuwa limeundwa kama yalivyoundwa majina ya wafuasi wa mkubwa fulani, mfano Maherodi. Paulo halitumii hata mara moja katika nyaraka zake. Katika Agano Jipya lote linapatikana mara tatu tu, na mojawapo liko kinywani mwa mfalme Agripa, mtu asiyeamini.

Lakini kwa nini jirani wa Antiokia ahitaji jina jipya? Nadhani jibu liko mezani. Wayahudi na Wayunani waliomwamini Yesu walikuwa wakila pamoja, na aliyewatazama hakujua awaweke fungu gani. Petro naye alipofika aliketi akala nao. Kisha wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, naye Petro akaanza kujitenga kwa kuwaogopa waliotahiriwa, hata Barnaba akafuata mkumbo. Paulo alimkabili Petro mbele ya watu wote, na habari hiyo akaiandika mwenyewe katika waraka kwa Wagalatia bila kumsitiri mtu. Ugomvi wa sahani, mtu anaweza kusema; kumbe hapo ndipo ilipokuwa inaamuliwa kama Myunani ni ndugu kamili au mgeni wa kuvumiliwa.

Kanisa hilo hilo liliwatuma Barnaba na Sauli safari yao ya kwanza ya kuhubiri. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo Lukio wa Kirene na Simeoni aliyeitwa Nigeri, yaani mweusi. Baadaye askofu wake, Ignasi, alipelekwa Roma chini ya ulinzi akauawe, na njiani aliandika barua zinazosomwa hadi leo. Yohane Krisostomo naye alizaliwa na kuhubiri hapo kabla ya kuitwa Konstantinopoli.

Tetemeko la mwaka 526 liliuangusha mji, likafuatiwa na jingine miaka miwili baadaye. Kaisari Justiniani aliujenga upya na kuubadilisha jina kuwa Theoupolis, mji wa Mungu, lakini jina la zamani halikufutika. Leo ni Antakya, Uturuki, na tetemeko la Februari 2023 liliubomoa tena: kanisa la Waorthodoksi na msikiti wa Habib-i Neccar vyote viliporomoka. Mapatriaki watano wa makanisa mbalimbali wana cheo cha Patriaki wa Antiokia. Makao yao yako Syria na Lebanon; hakuna hata mmoja anayekaa Antakya.