Kelele za Hadhira Kama Ushahidi wa Historia: Santuri ya Brother Jack McDuff, Newark, 1963

0. Utangulizi

Tarehe 5 Juni 1963, katika klabu iliyoitwa Front Room mjini Newark, jimbo la New Jersey, Marekani, kundi la wanamuziki wanne lilirekodiwa mbele ya wateja waliokuja kunywa na kusikiliza. Jack McDuff alipiga kinanda cha umeme, Red Holloway saksafoni, George Benson gitaa, na Joe Dukes ngoma. Katika baadhi ya nyimbo aliongezwa mpiga saksafoni wa pili, Harold Vick. Kampuni ya Prestige iliitoa kazi hiyo kwa jina la Brother Jack McDuff Live!

Makala haya hayakusudii kupima uzuri wa muziki huo. Swali letu ni hili: santuri iliyorekodiwa papo kwa papo katika klabu yaweza kumfundisha nini mtafiti wa historia na wa lugha? Tumelichagua kwa sababu inayotuhusu sisi wenyewe. Katika kusahihisha kazi za wanafunzi wanaonukuu masimulizi kutoka kwenye kanda, tumeona mara nyingi kwamba sauti ya msimulizi huandikwa kwa uangalifu mkubwa, bali sauti za waliomzunguka hufutwa. Mwanafunzi akiulizwa sababu, hujibu: «Zile ni kelele tu.» Tunadhani jibu hilo ni kosa, na santuri ya Newark inatusaidia kuonyesha kwa nini.

1. Kinanda kilichohama kanisani

Kinanda tunachokizungumzia kilibuniwa na Laurens Hammond, mtengenezaji wa saa za umeme wa mjini Chicago. Alipata hataza mwaka 1934, na vinanda vya kwanza vikauzwa mwaka 1935. Ndani yake mna magurudumu 91 ya chuma yanayozunguka karibu na sumaku. Kila gurudumu huzaa mtetemo wake, na mpigaji huchanganya mitetemo hiyo kwa kuvuta vijiti vilivyopangwa juu ya vibao.

Kampuni ilitaka kuyauzia makanisa chombo cha bei nafuu badala ya vinanda vikubwa vya mabomba. Ilidai kwamba chombo chake kilikuwa sawa na kile cha mabomba, hata tume ya serikali iliyosimamia biashara ikaiamuru, mwaka 1938, iache baadhi ya madai hayo. Kwa kweli kilikuwa na sauti yake chenyewe. Hata mlio mfupi unaosikika kila kibao kinapobonyezwa, ambao mafundi waliuona kuwa kasoro, wapigaji wa jazi waliupenda kwa sababu ulitia mkazo kama wa ngoma.

Makanisa mengi ya Wamarekani Weusi, ambayo hayakuwa na uwezo wa kununua mabomba, yalikipokea chombo hicho kwa furaha. Kutoka huko kiliingia katika baa. Wild Bill Davis alitangulia kukipa nafasi katika jazi, naye Jimmy Smith wa Pennsylvania akakitia nguvu mpya kuanzia mwaka 1956, mwaka ambao alirekodiwa katika Club Baby Grand, mjini Wilmington. Sababu nyingine ilikuwa ya kiuchumi. Mpiga kinanda huweza kushika sauti ya besi kwa mkono wa kushoto na kwa miguu, hivyo mwenye klabu hakulazimika kumlipa mpiga besi. Gharama ilikuwa upande wa ubebaji, maana aina ya B-3, pamoja na benchi na pedali zake, ina uzito wa kilo zipatazo 190.

Basi yule mteja aliyekisikia kinanda katika klabu siku ya Jumamosi usiku, huenda alikisikia tena kesho yake asubuhi katika ibada. Jambo hili ni la msingi kwa hoja yetu, kwa kuwa pamoja na sauti ya kinanda alikuja nayo desturi ya kuitikia.

2. Mji wa Newark

Newark ulikuwa mji wa viwanda na bandari, ng'ambo ya mito kutoka New York. Tangu Vita Kuu ya Kwanza hadi karibu mwaka 1970, Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliyahama majimbo ya kusini kutafuta kazi na kukimbia ubaguzi, na wengi wao walifika Newark. Hesabu ya watu ya mwaka 1960 iliupa mji huo wakazi 405,000 hivi, na zaidi ya theluthi moja walikuwa Weusi. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya nusu.

Katika vitabu vingi vya historia mji huu huingia kwa mlango wa moto. Tarehe 12 Julai 1967 polisi walimpiga dereva wa teksi Mweusi. Ghasia zikazuka na kuendelea hadi tarehe 17, na watu 26 wakafa. Tume ziliundwa, taarifa zikaandikwa, na takwimu za ukosefu wa kazi na ubovu wa nyumba zikachapishwa. Taarifa hizo ni za lazima. Lakini mwenye kuzisoma peke yake atawajua watu wa Newark kama wahanga au kama wafanya fujo tu. Hatajua walicheka namna gani, walipenda nini, wala walimsifuje fundi aliyewafurahisha.

Santuri ya mwaka 1963 ilirekodiwa miaka minne kabla ya moto huo. Haikukusudiwa kuwa hati ya historia, na hapo ndipo ilipo thamani yake, kwani waliopiga kelele usiku ule hawakuwa wakijibu maswali ya mtafiti.

3. Fanani na hadhira

Tuanze na majina, maana mwanaisimu hawezi kuyapita. McDuff, aliyezaliwa Champaign, Illinois, mwaka 1926 na kufariki mwaka 2001, hakuitwa bwana kwenye jalada. Aliitwa Brother, yaani Ndugu, kama waumini waitanavyo kanisani na kama Weusi wengi walivyoitana mitaani. Miongoni mwa nyimbo kuna uitwao Sanctified Samba: neno la kwanza ni la makanisa ya utakaso, la pili ni la dansi ya Brazil. Mwingine ni A Real Good 'Un, ambao tahajia yake inafuata matamshi ya mazungumzo, si ya darasani. Pamoja na hizo kuna It Ain't Necessarily So, utunzi wa Gershwin wa mwaka 1935, na Whistle While You Work, kutoka filamu ya Walt Disney ya mwaka 1937. Kundi lilichukua mali ya kanisa, ya tamthilia na ya sinema ya watoto, likaipitisha yote katika lahaja moja.

Wimbo uliojulikana zaidi ni Rock Candy, utunzi wa McDuff mwenyewe. Umejengwa juu ya kipande kifupi kinachorudiwa, kisha kila mpigaji hupewa zamu ya kubuni. Benson, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1943, alikuwa na miaka 20 tu. Ulimwengu ulikuwa haujamjua bado. Santuri iliyompa umaarufu mkubwa, Breezin', ilitoka mwaka 1976. Wateja wa Newark hawakungoja ulimwengu. Walisikia, wakapaza sauti papo hapo.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaifahamu hali hii. Fanani hatambi peke yake. Msimulizi wa pwani akisema «Paukwa!», hadhira hujibu «Pakawa!», na pasipo jibu hilo hadithi haianzi. Katika klabu pia, sauti ya mteja humwambia mpigaji kwamba kipande hiki kimefika, kirudie. Ukimya humwambia abadili njia. Kwa hiyo urefu wa zamu na mahali pa kilele haviamuliwi na mpigaji peke yake. Ukizifuta sauti za wasikilizaji, utabaki na majibu ambayo maswali yake yamepotea.

4. Tahadhari

Hata hivyo, hatuna budi kuihoji santuri kama tunavyohoji hati yoyote. Kwanza, ni bidhaa: kampuni ndiyo iliyochagua nyimbo za kutolewa. Pili, klabu haikuwa mji mzima, kwani asiye na fedha za kinywaji hakuingia. Tatu, vipaza sauti viliwekwa kwa ajili ya jukwaa, kwa hiyo hadhira twaisikia kwa mbali, na maneno mengi hayashikiki. Nne, jalada linawataja wanamuziki, lakini waliopaza sauti hawana majina. Walishiriki kuitunga kazi, wala hawakuandikwa.

Tahadhari hizi haziuondoi ushahidi. Zinatufundisha kuutafuta mahali pengine pia ili kuulinganisha. Front Room hiyohiyo ilirekodiwa tena Desemba 1964, safari hii akiwapo Shirley Scott, mwanamke mpiga kinanda, pamoja na Stanley Turrentine, Bob Cranshaw na Otis Finch. Mtafiti mwenye santuri hizo mbili anaweza kulinganisha hadhira za ukumbi mmoja katika nyakati mbili.

5. Hitimisho

Sisi wa Kongo tunao mfano wetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Maandishi yale hayakufuata tahajia sanifu wala mipaka ya maneno, na ili yaeleweke, Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti. Hati ilirudishiwa sauti kwanza, ndipo ikasema.

Basi tunawaomba wanafunzi wetu jambo dogo. Mnaponukuu kanda, waandikeni pia wanaoitikia. Andikeni «eee», «kweli», kicheko, kikohozi cha shaka, na ukimya. Pale msipolisikia neno, andikeni kwamba sauti ilikuwapo. Mama aliyekaa pembeni ya msimulizi akaguna mara moja tu, huenda kwa mguno ule alikuwa akikanusha simulizi nzima. Tukimfuta kwa kumwita kelele, tutakuwa tumewapa wasomaji wetu ushahidi wa mtu mmoja, na kuwaambia kwamba ni historia ya watu wote.